Mzazi mwenye sonona: kumfuata nyumbani, kumwita kikundini au kumkalisha benchini?

Mama huyu alikuwa akimleta mwanaye saa mbili na nusu, wenzake wote wakiwa wameshakunywa uji. Haingii ndani. Alimwachia mtoto getini, akageuka bila kumpungia mkono, na mtoto naye hakulia wala hakumwita. Ilikuwa Juni, ile baridi ya kukata masikio, na sweta la yule mtoto lilikuwa limefungwa vifungo vikarukana: cha juu kwenye tundu la pili, cha pili kwenye la tatu, mpaka upande mmoja ukaning'inia. Kituo chetu kiko nje kidogo ya jiji la Mbeya, upande wa Uyole, na utaratibu wetu ulikuwa unajulikana: mzazi akichelewa mara tatu anaandikiwa barua. Tukamwandikia. Kisha tukamwandikia ya pili. Wiki ya tatu mtoto hakuja kabisa, ndipo mlezi mmoja akasema maneno ambayo mpaka leo yananiuma: "Mwalimu, tumempa barua mbili, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza anaamkaje."

Mama alikuwa na sonona. Tangu siku hiyo tumejaribu njia tatu za kuwashika mkono wazazi wa namna yake: kuwatembelea nyumbani, kuwakusanya kwenye kikundi cha kituo, na kuweka benchi la mazungumzo karibu na geti. Naziweka hapa bega kwa bega kwa ajili ya wenzangu wenye chekechea na vituo vya malezi ya mchana huku Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Najua wengi wenu mna walezi watatu au wanne na fedha ya kubana, kwa hiyo lazima uchague pa kuanzia. Mimi naegemea ziara ya nyumbani, na nalisema mapema. Lakini kuna mitaa na kaya ambazo ziara itaziumiza, na hizo pia nitazitaja.

Kwanza, tunaongelea nini

Neno sonona halisikiki sana mtaani. Watu husema "nina mawazo", "moyo umechoka", "usingizi umenikimbia". Wengine hawasemi kitu, wanaacha tu kuja. Uchovu wa mama mwenye mtoto mdogo ni jambo la kawaida na hauhitaji jina. Sonona ni huzuni au kukosa hamu kunakokaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, kukiambatana na mambo kama usingizi kuharibika, chakula kutopita, kujiona hufai, kushindwa kuamua hata jambo dogo kama leo tupike nini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea asilimia 15.6 ya wajawazito na asilimia 19.8 ya waliojifungua wana tatizo la afya ya akili, na kubwa zaidi kati ya hayo ni sonona. Hao ni wajawazito na mama wa wachanga. Ila sonona haijiondokei tu kwa sababu mtoto ameanza kutembea, na wengine wanakuja nayo mpaka getini kwetu mtoto akiwa na miaka mitatu.

Mtoto mdogo anajifunza kwa kupokezana na mkubwa. Anaguna, anajibiwa, ananyoosha kidole, mkubwa anatazama kinachoonyeshwa. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, alionyesha kwamba mama akimkazia mtoto uso usio na mwitikio kwa dakika chache tu, mtoto hujaribu kila mbinu kumrudisha, kisha hugeuza uso na kunyong'onyea. Mtoto wetu wa sweta alikuwa ameshaacha kujaribu. Ndiyo maana hakulia getini, na sisi tukamsifu kuwa ni mtulivu.

Huku kwetu kuna jambo la kutuumiza vichwa zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta udumavu wa watoto chini ya miaka mitano ni asilimia 56.9 Iringa, 50.4 Njombe na 49.8 Rukwa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi, viazi na maharage. Kila kikao tunaambiwa wazazi wafundishwe lishe. Sawa, wafundishwe. Sisemi sonona ndiyo inayodumaza watoto wa Iringa, vyanzo ni vingi. Nasema kuna mama anayejua vizuri kwamba uji uongezwe karanga na mtoto alishwe mara kwa mara, ila hana nguvu ya kuinuka kitandani kuukoroga. Huyo ukimwongezea somo la lishe unamwongezea aibu. Na tusisahau mzigo mwingine wa nyanda hizi: kwa utafiti wa mwaka 2022 na 2023, maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wazima yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, huku taifa likiwa na 4.4. Nyuma ya namba hizo kuna misiba, kuna siri za ndani ya ndoa, kuna bibi anayelea wajukuu wanne peke yake.

Kumfuata nyumbani

Ushahidi wa njia hii ninaouamini zaidi unatoka vijijini Pakistani. Profesa Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wa kawaida wasio wataalamu wa akili, kuwatembelea mama wenye sonona mara 16: kila wiki katika mwezi wa mwisho wa ujauzito, mara tatu katika mwezi wa kwanza baada ya kujifungua, kisha mara moja kila mwezi kwa miezi tisa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 katika jarida la Lancet. Mtoto alipofika miezi sita, mama waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23 kwa waliotembelewa kwa mpango huo, na asilimia 53 kwa wenzao waliopata ziara za kawaida tu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake ili nchi nyingine ziutumie.

Kilichonivutia kule ni mlango waliopitia. Mhudumu hakubisha hodi akisema "nimekuja kwa sababu unaumwa". Alikuja kwa ajili ya mtoto, na mama, hata akiwa chini kiasi gani, kwa mtoto anafungua mlango. Mlango huo sisi walezi wa vituo tunao tayari. Mtoto wake tunamjua jina, tunajua wimbo anaoupenda na kwamba hali maharage yenye maganda.

Mlezi wetu alipokwenda kwa yule mama, alimkuta ameketi mlangoni na nusu gunia la mahindi ambayo hayajapukuchuliwa. Mama mkwe alikuwa ndani. Mlezi akaanza kwake, shikamoo mama, habari za baridi, kisha akavuta kigoda akaanza kupukuchua. Wakapukuchua karibu nusu saa bila neno la maana. Baadaye mama akasema bila kuinua uso, "Mwalimu, mimi siumwi. Ni uvivu tu umeniingia."

"Uvivu huo ulianza lini, dada?"

"Tangu tumzike mama."

Ilikuwa miezi mitano imepita. Mtoto alikuwa amekaa pembeni, ananyamaza kama kawaida yake. Akasogea, akamnyooshea mlezi gunzi. Mlezi akalipokea, akaliweka sikioni: "Haloo, nani mwenzangu?" Mtoto akacheka, kicheko ambacho hatujawahi kukisikia kituoni, na mama akainua uso kumtazama. Ziara ya kwanza iliishia hapo. Mlezi aliacha ombi moja tu: kesho jioni, kabla ya kulala, mama ndiye ashike gunzi. Wiki iliyofuata aliulizwa simu iliendaje, akajibu kwamba aliipokea mara mbili. Kwa mtu aliyezama, tendo dogo namna hiyo, lenye saa yake na mtu wa kuliulizia, linafanya kazi ambayo hotuba haifanyi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Vijijini Rungwe au Kilolo msemo huo unatusaidia kabisa, maana mgeni kuingia uani si jambo la kuulizwa. Ukiweza kusema "kamwene" mlangoni kwa Mhehe au Mbena, umeshavuka nusu ya njia. Mjini ni tofauti. Kwenye nyumba ya kupanga ya Mwanjelwa au Ilomba, vyumba vinane vinatazama korido moja na pazia ndilo mlango, kila neno linasikika. Pale ziara inamvua nguo mzazi mbele ya wapangaji wenzake. Usiende. Usiende pia unapohisi mama anapigwa, mpaka umemuuliza peke yake kituoni kama ni salama wewe kuonekana kwake, kwa sababu wewe utaondoka na yeye atabaki.

Gharama ya ziara ni muda. Kwenda, kukaa na kurudi kunakula nusu siku, na mlezi aliyekwenda ameacha watoto kwa mwenzake. Kuna na gharama isiyoandikwa popote: mlezi anarudi na mzigo wa watu kifuani. Wetu mmoja alianza kukosa usingizi yeye mwenyewe. Sasa tumeweka kikomo cha familia tatu kwa mlezi mmoja, na kila Ijumaa mchana anakaa na msimamizi kusimulia yaliyompata. Kama huwezi kuweka saa hiyo ya Ijumaa, usianzishe ziara.

Kumwita kikundini

Ukitazama takwimu peke yake, kikundi kinashinda. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliofanyika vijijini Rakai na Masaka, Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Kagera. Watu wenye sonona walikutana kwa vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na mtu wa eneo hilohilo aliyefundishwa. Mwanzoni asilimia 86 ya walioshiriki walikuwa na sonona kali; mwishoni walibaki asilimia 6.5. Vijiji ambavyo havikupata vikundi vilianza na asilimia 94 na kuishia 54.7, maana wengine hupona hata bila msaada.

Mazungumzo ya vikundi vile yanazunguka mambo manne: msiba, ugomvi na mtu wa karibu, mabadiliko makubwa ya maisha, na upweke. Yasome tena ukifikiria wazazi wako. Msiba, tumeona. Ugomvi wa shamba la marehemu kati ya mjane na mashemeji. Binti wa Makete aliyeolewa Mbarali, katoka kwenye baridi na kina dada zake, kaingia kwenye joto la mashamba ya mpunga ambako hajui hata nani wa kumwachia mtoto. Kikundi kinampa watu, na watu hao wanabaki hata programu ikiisha. Ziara haiwezi kumpa hilo. Halafu kiongozi mmoja anahudumia wazazi wanane kwa wakati uleule ambao mimi natumia kwa mmoja.

Basi kwa nini sianzii hapo? Kwa sababu tulianzia hapo tukakosea. Tulitangaza kikao, tukabandika karatasi getini, wakaja wazazi 22. Tulifurahi sana mpaka tulipofungua orodha ya wale tuliokuwa na wasiwasi nao: hakuna hata mmoja. Waliokuja walikuwa wachangamfu, wenye nguvu za kuja, na baada ya miezi miwili kikundi kikageuka kikoba, kikawa na mfuko na faini. Siwalaumu, kikoba chao kinawasaidia mpaka leo. Lakini sonona yenyewe ndiyo inayomwambia mtu asitoke, asionane na watu, hana la kuchangia. Tangazo haliwezi kushindana na sauti hiyo. Tena panapotajwa mchango wa chai, hata shilingi mia tano, mama asiye nayo hatasema hana. Hatakuja tu.

Siri nayo. Kwenye kijiji kimoja watu wamezaliwa pamoja, wamesali kanisa moja, wanadaiana. Anayoyasema mama kikundini Jumatano yakifika kisimani Alhamisi, kikundi kimekufa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu vikundi hivi unataka kiongozi akutane na kila mtu peke yake kabla kikundi hakijaanza. Sisi hatua hiyo tuliiruka. Leo naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndipo nilipoelewa kwamba ziara na kikundi havishindani: ziara ndiyo inayompa mtu miguu ya kufika kikundini. Yule mama wa mahindi aliingia kikundi chetu cha pili baada ya kutembelewa mara sita, na aliingia akiwa ameshikwa mkono na mlezi wake.

Kumkalisha benchini

Benchi tumelichukua Zimbabwe. Daktari Dixon Chibanda alilianzisha Harare mwaka 2006, baada ya kumpoteza mgonjwa kijana aliyekosa nauli ya kufika hospitalini. Akawafundisha kina bibi wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, mazungumzo sita, kila moja kama dakika 45. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 kwa waliokaa benchini, dhidi ya asilimia 49.9 kwa waliopata huduma ya kawaida. Hatua ya kwanza kule inaitwa kwa Kishona kwa jina lenye maana ya kufungua mawazo: mtu anamwaga shida zake zote, anachagua moja, wanaipangia hatua moja ya wiki hiyo.

Kwa kituo cha mjini, hapa ndipo ningeanzia. Benchi letu liko chini ya mparachichi, kati ya geti na jiko la uji. Mzazi anaketi pale kulipa ada, kujaza kadi ya mtoto, kusubiri mvua ipungue, kwa hiyo anayezungumza jambo zito haonekani tofauti na anayetafuta risiti. Msilifanye la wagonjwa tu, litakimbiwa.

Bibi wetu ni mkunga mstaafu. Anaheshimika, mzazi akimwamkia shikamoo tayari ameinama moyo. Ila heshima hiyo ina hatari yake: bibi amezoea kutoa hukumu. "Vumilia mwanangu, sisi tulivumilia makubwa." Neno hilo limewafunga midomo wanawake wengi. Tulitumia wiki tatu nzima kujifunza naye jambo moja tu, kuuliza kabla ya kushauri, na siku za mwanzo alikuwa akijikamata katikati ya sentensi na kucheka.

Udhaifu wa benchi ni kwamba linamsubiri mtu. Mtoto anayeletwa na dada yake wa darasa la tano, au na bodaboda wa mkataba, mzazi wake hapiti pale kamwe. Nimegundua kwamba mabadiliko ya anayemleta mtoto ni dalili ya kuangaliwa kuliko hata machozi.

Na akina baba

Baba mwenye sonona haji akilia. Anakuja na hasira, au ananyamaza wiki, au kuanzia Januari mpaka ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukatike anaonekana kilabuni kuliko nyumbani. Si kila mnywaji ana sonona, lakini tunawatupia lawama haraka kuliko tunavyowauliza. Ziara ya nyumbani inamkosa, na kikundi chenye wanawake kitamkosa zaidi. Sisi tuliwapata kwa kuwaomba waje Jumamosi kutengeneza bembea na uzio. Mikono ikiwa na nyundo, baba anasema asichoweza kusema amekaa kwenye kiti. Mmoja alimaliza kupigilia mbao ndipo akasema amekuwa akiamka saa nane za usiku tangu parachichi zake zikose soko. Mwanamume mwenzake akamjibu, "Hata mimi." Tulikuwa hatujapanga chochote.

Chochote utakachochagua, hiki kitangulie

Usiulize swali ambalo huna pa kulipeleka jibu lake. Kabla ya ziara ya kwanza, kabla benchi halijapigiliwa, nenda zahanati ya karibu, ujue ni muuguzi yupi anasikiliza na anapatikana siku gani. Ujue na njia ya juu yake: kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, na kwa kanda yetu Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Wazazi wengi wanaogopa kwamba kutaja mawazo ni kupelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Waambie mapema kwamba sonona nyingi zinatibika karibu na nyumbani, kwa mazungumzo, na pale inapobidi kwa dawa. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu na hazikatizwi ghafla. Mama anayenyonyesha amwambie daktari, kwa sababu zipo anazoweza kutumia huku akiendelea kunyonyesha.

Kwa mlezi asiye mtaalamu maswali mawili yanatosha kufungua: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Na ni mara ngapi umejisikia mwenye huzuni au aliyekata tamaa? Akijibu siku nyingi, mpeleke kwa muuguzi kwa uchunguzi kamili. Kipo kipimo cha maswali 10 cha Edinburgh, cha mwaka 1987, kinachotumika kwa waliojifungua, lakini hicho kiwe mikononi mwa aliyefundishwa.

Swali la kifo liulizwe wazi, kwa sauti ya kawaida: "Je, umefika mahali pa kutamani usiwepo?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, mara nyingi kunamtua mzigo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na safari ya hospitali ni leo, si kesho. Mwombe ndugu achukue dawa za shambani zote akazifungie kwake. Huku kwetu karibu kila ghala lina chupa ya dawa ya viazi au nyanya, na kuiweka mbali tu kunaokoa watu. Mama aliyejifungua karibuni akianza kusikia sauti, kutolala kabisa, kusema mambo yasiyoeleweka kuhusu mtoto, hiyo ni dharura. Maombi yaendelee, mchungaji aje, lakini gari liwe limeshaitwa. Kama mtoto yuko hatarini, piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure.

Tafuteni pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji chenu. Serikali ilizindua mpango wao mpya Januari 2024, na akiambatana na mlezi anayejulikana na mtoto, ziara inakuwa na nguvu mara mbili. Mkihitaji kuishawishi halmashauri, ile programu jumuishi ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 inataja malezi yenye mwitikio, na mzazi aliyezama hawezi kuitikia. Kundi la WhatsApp la wazazi lisiguswe na habari hizi hata kwa fumbo. Daftari letu la ziara halina majina, lina namba, na linafungiwa.

Kuchagua, kwa hali ya kituo chako

Kama uko kijijini, kaya ziko mbalimbali na walezi wako wanajulikana, anza na ziara, familia mbili tu, uone. Kama uko mjini na wazazi wengi wanaleta watoto wenyewe, anza na benchi, na ziara ibaki kwa wale wasiofika getini. Kama una mlezi mmoja na msaidizi, usijitwishe ziara. Benchi, maswali mawili na njia ya rufaa vinakutosha kwa mwaka wa kwanza. Kwenye maeneo ya chai ya Mufindi, ambako mzazi ni kibarua wa kutwa na nyumba ni za kambi, ziara inagongana na zamu na faragha haipo, hivyo ningejaribu kikundi kidogo cha siku ya mapumziko. Kikundi kwa jumla nisingekianzisha mahali popote kabla ya kukaa na kila mwalikwa peke yake angalau mara mbili.

Halafu kuna kalenda ya shamba, ambayo miongozo ya nje haiijui. Kikundi cha wiki 16 kikianza Novemba kitavunjika, maana mvua ikishika watu wanapanda, Januari wanapalilia, na mama anarudi giza limeingia. Sisi tunaanza kikundi Agosti mahindi yakiwa ndani, kinaisha kabla ya mvua kukolea. Miezi ya kilimo tunabaki na ziara za Jumapili alasiri na benchi la asubuhi.

Barua ya kuchelewa tumeifuta. Mzazi akichelewa mara tatu, jina la mtoto linaandikwa kwenye ubao wa ofisini, na mlezi aliyezoeana na mtoto huyo anakwenda kwao kabla ya Ijumaa, au anamsubiri mzazi kwenye benchi, kutegemea anaishi wapi. Anakwenda na salamu, na swali moja: umeamkaje?